WAKILI WA ARDHI NA AMANA: KAZI YAKE, NA FUNZO LAKE KWA CHAMA CHETU

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetutaka tuseme nanyi leo juu ya kazi moja ya uanasheria isiyojulikana sana na watu. Mtu akisikia neno wakili, aghalabu humfikiri yule asimamaye kortini kumtetea mshitakiwa wa wizi au wa kuua. Lakini yuko wakili wa namna nyingine, ambaye huenda akaumaliza mwaka mzima asimwone mshitakiwa hata mmoja. Kazi yake ni mashamba, nyumba, mipaka, wasia, urithi, na mali iliyotiwa mikononi mwa mtu mmoja kwa faida ya mtu mwingine. Huko Uingereza, ambako kazi hii ilikulia, wakili wa mahakama huitwa barista. Na huyu tutakayemweleza ni barista wa ardhi na amana.

Pengine mtauliza, hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Chama chochote cha ustawi kikiwa na kiwanja, au jengo, au fedha za kusaidiana katika maziko na masomo ya watoto, kinaishi ndani ya sheria ya amana, hata kama wanachama wake hawajapata kulisikia jina hilo. Mali ni ya wote, lakini hati ya kiwanja na daftari la benki hubeba majina ya watu wachache. Hapo ndipo chama husimama, na hapo ndipo chama huanguka.

Asili ya jambo hili ni ya kale. Katika Uingereza ya zama za kati, mwenye ardhi aliyekwenda vitani, au aliyetaka mali yake igawanywe baada ya kufa kwake kwa namna ambayo sheria ya ardhi haikuiruhusu, aliikabidhi ardhi hiyo kwa rafiki yake kwa maagano. Alimwambia aishike kwa jina lake, lakini mavuno yawe ya mkewe na wanawe. Marafiki wengine walikuwa waaminifu. Wengine, mwenye mali alipokufa, waligeuka wakasema kwamba ardhi ni yao. Mjane alipokwenda mahakamani hakupata kitu, maana mahakama za kawaida zilitazama jina tu. Aliyeandikwa ndiye mwenye mali, na maneno mengine yalihesabiwa kuwa ni hadithi.

Basi waliodhulumiwa walimwendea Mfalme, naye Mfalme akawapeleka kwa waziri wake mkubwa aitwaye Chansela, ambaye zamani hizo mara nyingi alikuwa askofu. Chansela hakubisha kwamba ardhi imeandikwa jina la yule rafiki. Alimwuliza swali jingine: je, dhamiri yako yakuruhusu kula mali uliyopewa kuilinda? Kisha alimwamuru ayatimize maagano yake, na akikataa afungwe. Kutokana na swali hilo ilizaliwa mahakama nzima, Mahakama ya Chansela, na sheria yake ikawa ni sheria ya insafu. Tangu hapo sheria ya Kiingereza ilikubali kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na wenyewe wawili kwa wakati mmoja: mmoja mwenye jina, ambaye ni mdhamini, na mwingine mwenye haki ya kufaidi. Mwenye jina hubeba mzigo, na mwenye haki hula matunda.

Lakini tusiisifu mahakama hiyo kupita kiasi. Kwa miaka mingi ilisifika kwa uzito wake kuliko kwa insafu yake. Mwandishi Charles Dickens, katika kitabu chake Bleak House kilichotolewa kwa sehemu tangu 1852 hata 1853, alisimulia kesi ya urithi iliyodumu mpaka gharama zake zikaumeza urithi wenyewe, hata wenye kugombana wasibakiwe na cha kugombania. Kesi ile ilikuwa ya kubuni, lakini maradhi yenyewe yalikuwapo kweli. Ndiyo sababu Bunge lilitunga sheria katika 1873 na 1875, na mahakama hiyo ikaunganishwa na Mahakama Kuu. Hata leo Mahakama Kuu ya huko ina idara ya Chansela, ambayo tangu 2011 hukaa katika jengo jipya mjini London liitwalo Rolls Building.

Sasa tuitazame njia ya huyo barista tangu ujana wake. Kwanza hupata shahada ya chuo kikuu, ama ya sheria, ama ya elimu nyingine kisha akaongeza masomo ya sheria. Baadaye hufanya masomo ya uwakili wenyewe. Pamoja na hayo hapana budi aingie katika mojawapo ya vyama vinne vya kale vya mawakili vilivyoko London: Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple na Gray's Inn. Lincoln's Inn, ambacho kumbukumbu zake zilizohifadhiwa zaanzia 1422, ndicho kilicho karibu zaidi na kazi ya ardhi na amana. Ukumbi wake wa kale, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 15, ulipata kutumiwa na Chansela kusikilizia kesi. Katika vyama hivyo desturi ilimtaka kijana ale chakula cha jioni pamoja na wakubwa wake mara kadhaa kabla hajakubaliwa. Desturi hiyo isidhaniwe kuwa ni mchezo. Wazee wetu wanajua kwamba kijana hujifunza adabu ya kazi kwa kukaa penye wakubwa na kusikiliza, kuliko kwa kusoma peke yake.

Akiisha kuitwa kuwa barista, bado haruhusiwi kusimama peke yake. Yampasa kuwa mwanagenzi kwa muda wa miezi 12 chini ya wakili mzoefu. Katika miezi sita ya kwanza husoma majalada ya mkubwa wake, huandika rasimu, na huketi nyuma yake mahakamani akisikiliza. Katika miezi sita ya pili aweza kupewa kesi ndogo ndogo kwa jina lake. Baada ya hapo hutafuta nafasi katika ofisi ya mawakili kadhaa wanaochangia kodi ya nyumba na mishahara ya makarani, ingawa kila mmoja hula jasho lake mwenyewe, wala hawagawani faida. Nafasi hizo ni chache na wanaozitaka ni wengi. Vijana wengi wenye akili hufika mlangoni wasiingie.

Kwa karne nyingi mlango huo ulifungwa kabisa kwa wanawake. Sheria ya 1919 ndiyo iliyoufungua, na katika 1922 Bibi Ivy Williams alikuwa mwanamke wa kwanza kuitwa kuwa barista katika Uingereza. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, ili wazazi wenye binti walisikie.

Barista akikua katika kazi, na sifa zake zikijulikana, aweza kuteuliwa kuwa wakili wa Mfalme. Cheo hiki kilikuwa kikiitwa cha Malkia mpaka Malkia Elizabeth wa Pili alipofariki katika Septemba 2022.

Na kazi yake ya kila siku ni ipi? Kwa sehemu kubwa ni karatasi. Huletewa jalada lenye hati za miaka mingi, ramani, barua na wasia, naye huulizwa: je, njia hii ya kupita shambani mwa jirani ni haki au ni hisani? Je, rehani hii yaweza kukombolewa? Je, maneno haya ya marehemu, kwamba nyumba aachiwe "mwanangu", yamhusu yupi, ilhali alikuwa na wana wawili? Barista husoma, hutafuta hukumu za zamani, kisha huandika waraka wa rai. Waraka mmoja mzuri waweza kuizuia kesi ya miaka mitano. Kwa hiyo barista mwema wa kazi hii hapimwi kwa kesi alizoshinda tu, bali pia kwa kesi ambazo hazikufika mahakamani kwa sababu yeye aliziona mapema.

Iko kazi moja ambayo twadhani wazee wetu wataipenda. Tangu sheria ya 1958, watu wakitaka kubadili masharti ya amana ya ukoo, mahakama yaweza kukubali kwa niaba ya watoto wadogo, na hata kwa niaba ya watoto ambao hawajazaliwa. Basi barista mmoja hupewa kazi ya kuwasemea hao. Huyapima mabadiliko kwa jicho la mtoto ambaye hana jina wala sura bado, na humwandikia hakimu rai yake kama jambo hilo lina faida kwa mtoto huyo au halina. Hapo watu wazima wote waweza kuwa wamekwisha kupatana, na jambo likakwama kwa ajili ya yule asiyekuwapo.

Ili tuione vyema roho ya kazi hii, tusimulie kesi mbili.

Ya kwanza iliamuliwa katika 1726, nayo huitwa Keech na Sandford. Mtu mmoja alikuwa amekodi haki ya mapato ya soko la Romford, karibu na London. Alipokufa alimwachia mdhamini haki hiyo kwa ajili ya mtoto mdogo. Muda wa kukodi ulipokaribia kwisha, mdhamini alimwendea mwenye soko akamwomba amwongezee mtoto muda. Mwenye soko akakataa, maana mtoto hawezi kufungwa na mkataba. Basi mdhamini akasema, ikiwa mtoto hapewi, nipe mimi; naye akapewa. Wanachama wenzetu, tazameni vizuri: mtu huyu hakuiba. Alimwombea mtoto kwanza, na mwenye soko alikataa kwa hiari yake. Hata hivyo Chansela wa siku hizo, Lord King, alimwamuru amkabidhi mtoto mkataba ule pamoja na faida yote aliyokwisha kuipata. Alikiri kwamba yaonekana ni jambo gumu kwamba katika wanadamu wote mdhamini peke yake ndiye asiyeweza kuukodi mkataba huo. Lakini alisema kanuni lazima ishikwe kwa nguvu, kwa maana wadhamini wakiruhusiwa kujipatia wenyewe kile walichokosa kuwapatia watoto, ni mikataba michache sana itakayopatikana kwa ajili ya watoto.

Kesi ya pili, Boardman na Phipps, iliamuliwa na Baraza la Malodi katika 1966. Wakili wa amana moja, pamoja na mmoja wa wenye kufaidi, walitumia habari walizozipata kwa kuiwakilisha amana, wakanunua kwa fedha zao hisa za kampuni ambayo amana ilikuwa na sehemu yake. Waliitengeneza kampuni, nayo amana ikapata faida nyingi, na wao pia wakapata. Mahakimu walikubali kwamba watu hao walikuwa wanyofu. Lakini kwa sauti tatu kwa mbili waliamua kwamba faida hiyo lazima irudishwe kwa amana, na watu hao walipwe ujira mwema kwa jasho lao. Mpaka leo wanasheria hubishana kama hukumu hiyo ilikuwa kali mno. Funzo lake kwetu li wazi: anayeshika mali ya wengine haulizwi tu kama ameiba, bali huulizwa kama alijiweka mahali ambapo faida yake na faida yao zaweza kugongana.

Barista mwenyewe naye amefungwa na kanuni. Hana ruhusa kumdanganya hakimu, hata mteja akimsihi. Akiiona hukumu ya zamani inayompinga, yampasa kuitaja. Wala haruhusiwi kumkataa mteja kwa sababu tu hampendi, au watu hawampendi. Kazi ikiwa ni ya elimu yake, na ana nafasi, na ada ni ya haki, hana budi kuipokea, kama teksi iliyo mbele katika foleni inavyompakia abiria anayefuata. Kwa kanuni hiyo hata mtu aliyechukiwa na mji mzima hapaswi kukosa wa kumsemea.

Sasa turudi nyumbani. Sheria hii ya insafu imekwisha kuwa sheria ya Kenya pia. Sheria ya Mahakama ya 1967 inasema kwamba mahakama zetu zitafuata, pale ambapo sheria zetu zilizoandikwa hazitoshi na hali ya wananchi inaruhusu, sheria ya kawaida ya Kiingereza na kanuni za insafu kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Tofauti moja ni kwamba kwetu hakuna mabarista mbali na mawakili wa ofisini. Wakili wetu huandika hati na husimama mahakamani yeye yule.

Si kila mara sheria hiyo iliwafaa wenyeji. Watu wa pwani waliijua wakfu kabla ya kuja kwa Waingereza: mtu huifunga mali yake isiuzwe, wazao wake wafaidi, na mwisho iwafikie maskini. Lakini mahakimu wa Baraza la Mfalme huko London, katika kesi kutoka Afrika ya Mashariki iliyochapishwa katika taarifa za hukumu za 1952, walikataa kuitambua wakfu ya ukoo ambayo fungu la maskini lilikuwa mbali mno, wakifuata hukumu waliyoitoa zamani juu ya Bara Hindi. Ilibidi sheria itungwe hapa Kenya ili kuzihifadhi wakfu za namna hiyo. Hapo twaona kwamba elimu ya hakimu wa mbali, hata ikiwa kubwa, haitoshi pasipo kuwapo watu wanaoijua desturi ya mahali.

Jambo jingine ni la mashamba ya koo zetu. Mashamba yalipopimwa na kuandikishwa tangu miaka ya 1950, familia nyingi ziliandika jina la mtu mmoja, mara nyingi mtoto wa kwanza, kwa kuaminiana tu. Miaka ikapita, na wengine wakasema: hati ni yangu, ondokeni. Katika 1972 Mahakama Kuu, katika kesi moja iliyojulikana sana, iliona kwamba kuandikishwa kunafuta haki za desturi. Majaji wengine hawakukubali, wakasema kwamba aliyeandikwa aweza kuwa ameshika kwa amana. Sheria ya Kuandikisha Ardhi ya 2012 ikaitaja amana ya desturi waziwazi. Na katika 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba haki hiyo yaweza kumfunga mwenye hati hata kama haikuandikwa ndani ya hati. Lakini mdai lazima athibitishe kwamba ardhi ilikuwa ya familia au ukoo kabla ya kuandikishwa, kwamba yeye ni wa ukoo huo na uhusiano wake si wa mbali, kwamba angalipata haki kama si mambo yaliyoingia kati, na kwamba anayemdai naye ni wa ukoo huo. Swali la Chansela kwa rafiki wa yule mjane ndilo lililoulizwa tena hapa kwetu.

Lakini kushinda kesi baada ya miaka 30 si ushindi mkubwa. Wazee waliojua ukweli wamekufa, na ndugu hawasalimiani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo twawaomba wanachama wayashike mambo haya manne.

Kwanza, kusudi la mali liandikwe: kiwanja hiki ni cha nini, ni kwa faida ya nani, na chama kikivunjika kiende wapi.

Pili, pawe na wadhamini zaidi ya mmoja. Sheria ya Uingereza ya 1925 yataka wadhamini wa ardhi wasizidi wanne, na fedha za kuuza ardhi zipokewe na wasiopungua wawili, isipokuwa mdhamini akiwa ni shirika lenye idhini. Hesabu hiyo ina hekima: mmoja hushawishika, na umati haupatani.

Tatu, mdhamini akifa, mwingine atiwe mahali pake upesi. Wadhamini wakifa mmoja mmoja, mali humfikia yule aliyebaki. Na yeye naye akifa, hati huangukia mikononi mwa wasimamizi wa urithi wake, yaani jamaa zake, ambao huenda hawakijui chama hata kidogo. Sheria yetu ya wadhamini wa kudumu inawaruhusu wadhamini kuandikishwa kuwa mwili mmoja wa kisheria wenye muhuri wake, ambao haufi watu wanapokufa. Chama chenye kiwanja na kisichofanya hivyo kimeweka mali yake juu ya pumzi za watu.

Nne, mdhamini asinunue, asikodi, wala asikopeshwe mali ya chama, hata kwa bei nzuri, hata kwa moyo safi. Mkumbukeni mdhamini wa soko la Romford.

Najua ziko nyoyo zitakazouma kwa maneno haya. Watasema kwamba kuandika ni kutoaminiana, na kwamba sisi ni ndugu. Sisi twasema kinyume. Hati humlinda mdhamini mwaminifu kuliko mtu yeyote, kwa sababu siku atakapotuhumiwa, itamsemea. Na siku atakapokufa, wanawe hawatatukanwa kwa ajili ya deni ambalo baba yao hakulifanya.

Mwisho, twawageukia wazazi. Fedha zetu za masomo zimewasaidia vijana wetu, nasi twafurahi. Yupo miongoni mwao apendaye kusoma kwa utulivu, asiyechoka na karatasi, asiyependa makelele, na awezaye kuitunza siri. Msimwambie kwamba uwakili si wake kwa kuwa hajui kupaza sauti. Kazi tuliyoieleza leo yamhitaji mtu wa namna hiyo hasa, awe mvulana au msichana. Na chama chetu kitamhitaji zaidi, maana vizazi vijavyo vitarithi kile tu ambacho sisi tumekiandika vizuri.

Mwenyezi Mungu awabariki Wazee wetu, na azilinde amana zilizo mikononi mwetu sote.